Chumba Baridi cha Bi Somoe

Saa tisa alasiri, mwezi wa Januari, bati la nyumba ya Jamali Likwata huko Chamazi halishikiki. Ndani hakuna dari. Ukilala kitandani unaona kenchi, unaona ncha za misumari, unaona migongo ya mabati na matundu mawili matatu yanayopitisha jua. Joto hushuka moja kwa moja utosini, na feni, kama umeme upo, hulichukua joto hilohilo na kukupulizia usoni.

Chumba cha mama yake Jamali, Bi Somoe, kilikuwa cha mwisho uani, upande wa magharibi. Ukuta wake wa tofali za saruji ulipokea jua kuanzia saa saba mpaka lilipozama, kisha ukalirudisha ndani polepole hadi karibu na alfajiri. Januari ya mwaka juzi alizimia humo mara mbili. Mara ya pili aliangukia stuli, akapasuka juu ya jicho.

Muuguzi wa zahanati, binti aitwaye Atuganile, alimpima presha, kisha akapima tena kwa kutoiamini mashine. Moyo wa Bi Somoe ulikuwa umepanuka. Hilo lilijulikana tangu miaka mitatu nyuma, na dawa alikuwa anakunywa.

"Unalala wapi, bibi?"

"Chini ya bati, mwanangu. Kama mkate kwenye tanuri."

"Sikutishi, bibi yangu. Ila dawa hizi hazishindani na joto la namna hiyo. Ukikaa kiangazi kingine kwenye chumba hicho, sijui kama utakuja tena kupima hapa."

Bi Somoe alishukuru, akafunga dawa zake kwenye ncha ya khanga, akaondoka. Alikuwa na miaka sitini na saba na hakuwa na mpango wa kufa.

Alizaliwa Mchinga, mkoani Lindi. Dar es Salaam aliletwa na mume aliyekuwa kuli bandarini. Akamzika mumewe huyo kabla mtoto wao wa pekee hajaanza shule, akamlea mtoto kwa vitumbua, baadaye kwa ufagio. Kiwanja cha Chamazi alikinunua yeye, enzi hizo kukiwa na mikorosho na njia ya baiskeli. Nyumba aliijenga Jamali. Kwa hiyo nyumba ikawa ya Jamali, na jambo hilo halikuwahi kuzungumzwa.

Jambo jingine lisilozungumzwa lilikuwa namna Bi Somoe alivyoomba vitu. Hakuomba. Alitania. Kwao, kama ilivyo kwa watu wengi wa nchi hii, bibi na mjukuu wa kiume ni watani: mjukuu humwita bibi yake mke, bibi humwita mjukuu mume, na chini ya mwavuli huo wanaweza kuambiana lolote. Mjukuu wake mkubwa, Jabiri, fundi simu mwenye kibanda Mbagala Rangi Tatu, alikuwa mume wake tangu ana siku saba. Sabuni ilipoisha, Bi Somoe hakumwambia mwanawe. Alisimama uani akapaza sauti: "Jabiri, mume wangu, mwaka huu umeoa beberu? Mkeo ananuka hata kuku wanamkimbia!" Nyumba nzima ilicheka, na jioni sabuni ilifika. Kwa njia hiyo alipata miwani, alipata godoro, alipata kurekebishiwa mlango. Katika miaka ishirini na sita haikuwahi kumwangusha.

Kuhusu joto, alilitania pia. "Mume wangu, umeniweka jikoni, unasubiri niive?" Watu walicheka. Jamali, baba yake Jabiri, akaleta feni.

Bi Somoe aliamua kujisaidia mwenyewe.

Kwa miaka kumi na moja alikuwa mfagizi kwenye duka la televisheni na mafriji, Kariakoo. Kila kifaa kilifika kwenye katoni kimebanwa na vipande vyeupe, vigumu, vyepesi kuliko andazi, ambavyo wapagazi wa duka waliviita povu. Kazi yake ilikuwa kuvikusanya na kuvitupa. Vitu hivyo havikumpendeza: vikivunjika hutoa punje zinazong'ang'ania ufagio na nguo, na upepo ukizichukua hazikamatiki. Lakini alijua pia kwamba wauza samaki wa Feri hutumia masanduku ya povu hilohilo, na kwamba barafu iliyowekwa humo alfajiri bado ni barafu adhuhuri. Alilifikiria jambo hilo kwa wiki nzima akiwa ameshika ufagio.

"Kama linaitunza barafu," alimwambia mpagazi mmoja, "mie litashindwaje kunitunza?"

Alianza kukusanya mwezi wa Machi. Pikapu ya duka ilipeleka mizigo Mbagala kila Jumanne na Ijumaa, na dereva alimruhusu kupanda na furushi lake, alishushe Rangi Tatu. Kutoka hapo alitembea akiwa nalo kichwani, limefungwa kwa kamba ya katani. Mzigo mkubwa kama kabati, usio na uzito. Siku ya upepo ulimyumbisha. Ijumaa moja ya Julai ulimtoka kabisa, ukavuka barabara peke yake, na mwanamke mwenye moyo uliopanuka akaufuata huku vijana wa bodaboda wakiushangilia mzigo.

Mtaani alipata jina: Bibi Friji. Aliyempa ni Adelina, mwanamke wa Kihaya mwenye duka la vyakula linalotazamana na geti la Jamali.

"Bibi Friji, shikamoo! Leo umeleta mlango au umeleta gesi?"

"Marahaba. Nimeleta nafasi yako. Nitakulaza humo na samaki, maana umeshaanza kuharibika."

"We bibi! Hebu niambie, ukishajigandisha tutakuyeyusha saa ngapi?"

"Saa ya kula. Si ndiyo saa unayokujaga?"

Wateja wa Adelina walishikana mabega kwa kicheko. Mama Jabiri, mkewe Jamali, hakucheka. Mafurushi yalijaa nyuma ya choo mpaka usawa wa dirisha. Punje nyeupe zilienea uani, zikaingia kwenye mchele uliokuwa unapetwa. Kuku wawili walikufa, kwa kuzidonoa au kwa kideri, na mama Jabiri alishachagua sababu. Aliwaambia majirani, bila kupunguza sauti, kwamba uzee ukiingia kichwani huanza kwa kuokota makopo.

Fundi aliyekubali kazi hiyo aliitwa Leonardi, Mmakonde, fundi dari. Baba yake alikuwa mchongaji wa mpingo. Leonardi alirithi mkono, akauhamishia kwenye bodi za jipsam na mikanda ya maua ya dari. Alipoona lundo nyuma ya choo alilizunguka mara mbili.

"Mzee wangu alikuwa anakaa wiki tatu kwenye kipande kimoja cha mpingo," alisema. "Hii ukiikemea tu inakatika."

"Itafaa au haitafaa?"

"Itafaa, bibi. Lakini unisikilize. Hii inashika moto vibaya. Koroboi humu ndani marufuku, mshumaa marufuku. Waya wa umeme nitauondoa juu, ushuke ukutani kwenye paipu. Na chini yake lazima tupige jipsam, isibaki wazi."

Walikosea mwanzo. Leonardi alibandika vipande kwa gundi ya soli za viatu, na gundi hiyo ikalila povu kama maji yanavyoila sukari. Asubuhi walikuta mashimo yenye ukubwa wa sahani. Mafurushi ya miezi miwili yalipotea. Bi Somoe aliyaangalia, akasema "Basi tuanze," akaenda kazini.

Mara ya pili walitumia gundi nyeupe ya mbao. Leonardi alikata kwa waya wa gitaa uliopashwa moto kwa betri ya pikipiki. Vipande vya televisheni havilingani: kimoja kina pembe, kingine kina tundu la mguu wa friji. Alivipanga kama mtu anayeunganisha chungu kilichovunjika, tabaka la kwanza, kisha la pili juu yake, kila ungio likifunikwa. Kati ya povu na bati aliacha nafasi ya kiganja kimoja na nusu, akatoboa ukuta huku na huku karibu na kilele, akaweka wavu, ili hewa ya moto itoke. Chini alipiga jipsam. Jua la magharibi alilikabili vilevile: povu juu ya ukuta wa ndani, kisha bodi. Kazi iliisha wiki ya mwisho ya Oktoba. Bi Somoe alikuwa amebeba mafurushi tangu Machi.

Leonardi alimletea saa ndogo ya ukutani yenye kipimajoto. Desemba kumi na tano, saa tisa alasiri, sebule ya Jamali ilisoma nyuzi thelathini na sita. Chumba cha mwisho uani kilisoma ishirini na tisa.

Bi Somoe alilala. Alilala mchana baada ya kazi, akalala usiku, akaamka na shuka limefika shingoni. Atuganile alimpima mwezi huo akaandika namba ambazo hakuwa ameziandika kwenye kadi hiyo kwa miaka mitatu.

"Umefanya nini, bibi?"

"Nimejiweka kwenye katoni."

Aliyefuata kugundua alikuwa mjukuu wa mwisho, mwenye miaka mitano, aliyekuja kujificha humo asioge akasinzia. Kisha wakaja wenzake. Kisha mama Jabiri alileta ndoo ya unga wa maandazi, kwa kuwa sebuleni ulikuwa unachachuka mapema mno. Kisha Jamali, Jumapili baada ya kula, alisimama mlangoni akasema, "Mama, sogea kidogo ninyooshe mgongo." Alinyoosha mgongo mpaka Magharibi. Kufikia Krismasi, ambayo si sikukuu ya nyumba hiyo, televisheni ilikuwa imehamia kwa Bi Somoe, na yeye alikuwa amehamia ukingoni mwa kitanda chake, miguu chini, mgongo ukutani. Hakuna aliyemwita tena mwokota makopo. Adelina alivuka barabara mara mbili kwa siku kuja "kumjulia hali", akikaa kwenye stuli na kufungua vifungo vya gauni.

Bi Somoe alitania. "Mume wangu Jabiri, naona umenioza kwa mtaa mzima." Walicheka, na kwa siku mbili watoto walikatazwa kuingia. Aliona njia yake bado inafanya kazi.

Jabiri alikuwa anaoa. Mchumba, Yasmini, binti wa Kimwera kutoka Yombo, alikuwa mpole na mwenye adabu, na wazazi wake waliuliza swali moja tu: mtoto wetu atakaa wapi? Chumba cha Jabiri kilikuwa cha mbele, karibu na sebule, chini ya bati tupu. Jamali na mkewe walijadili jambo hilo jikoni, mlango wa uani ukiwa wazi, na Bi Somoe akiwa kwenye mkeka anachambua mchele hatua sita kutoka hapo.

"Bi harusi mgeni huwezi kumtia kwenye oveni," alisema mama Jabiri. "Watatusemaje?"

"Kile cha uani ndicho kinafaa."

"Na mama?"

"Mama ataenda cha mbele. Mama keshazoea joto tangu zamani."

Hakuna aliyemgeukia. Si kwamba walimficha. Waliona wameshamwambia.

Hapo ndipo Bi Somoe alipofanya kosa lake. Angeweza kuweka ungo chini na kusema hapana. Kiwanja kilikuwa chake, povu lilikuwa lake, na kadi ya zahanati ilikuwa kwenye mkoba wake na namba zake mbili, ya kabla na ya baada. Lakini kusema hapana kwa sauti ya kawaida ni jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika nyumba ile, na mtu wa miaka sitini na nane hajifunzi kutukana wala kuomba kwa siku moja. Alikuwa na silaha moja. Na harusi, kwa desturi ya kwao, ilikuwa ndiyo siku yenyewe ya silaha hiyo: bibi wa bwana harusi huzuia mlango wa chumba cha maharusi. Hujilaza kizingitini, hudai yeye ndiye mke mkubwa, hutukana, humwaga machozi, hukataa kutoka. Watu humbembeleza. Humfunika khanga mpya. Akishaikubali, huinuliwa kwa vigelegele na maharusi huingia.

Bi Somoe aliamua kwamba yeye hatainuka. Siku hiyo, mbele ya wakwe na majirani wote, angekataa mpaka waelewe.

Harusi ilikuwa Jumamosi ya pili ya Januari. Maharusi walifika saa kumi alasiri, kwa ngoma na matarumbeta. Walimkuta Bi Somoe kizingitini mwa chumba chake, amelala ubavu, kichwa upande mmoja wa fremu na miguu upande wa pili.

"Mke mkubwa kakomaa!" alipiga kelele mtu.

"Sitoki," alisema Bi Somoe. "Chumba ni changu. Povu nimelibeba mimi kwa kichwa changu hiki."

"Eeeh! Bibi kabeba!"

"Huyo bwana akalale na mkewe mbele huko. Mie nimemtangulia."

Vigelegele. Adelina alikuwa ameshatoa simu anarekodi. "Bibi Friji, angalia huku! Sema tena, sema tena!"

Jabiri, ndani ya kanzu na kilemba, alichuchumaa mbele yake. "Mke wangu, usinitie aibu mbele ya mke mdogo."

"Jabiri, sikiliza. Mimi pale mbele sikai."

"Utakaa, mpenzi. Nitakuja kukupepea."

Walicheka mpaka mpiga ngoma akaacha kupiga. Khanga ya kwanza ilikuja, ikatandazwa juu yake. Aliitupa. Hiyo pia ni desturi, na bibi mwenye heshima zake hakubali ya kwanza. Ya pili aliitupa mbali zaidi, ikamwangukia mama wa bi harusi, naye akainuka akacheza nayo. Wanawake wa Yombo walianza kusema hawajawahi kuona bibi mkali kama huyu. Jasho lilikuwa linamtiririka. Uani hapakuwa na kivuli.

Alimtafuta mwanawe kwa macho akampata.

"Jamali. Jamali, mwanangu, sitanii. Mkinitoa humu nitakufa."

 Shangwe ilipanda kuliko zote za siku hiyo, kwa sababu hayo ndiyo maneno anayoyangoja kila mtu. Bibi wa harusi husema atakufa. Asiposema, shughuli haijakolea. Kwenye video ya Adelina, iliyotazamwa na mtaa mzima wiki ile, hapo ndipo picha inapotikisika kwa kicheko cha mpigaji. Bi Somoe anaonekana analia. Sauti ya mwanamke mmoja inasikika wazi: "Anajua kuigiza huyu, jamani, hata machozi kaleta!"

Khanga ya tatu iliwekwa na Yasmini mwenyewe, amepiga magoti, uso ameuinamisha. Bi Somoe hakuitupa. Wengine walisema alimwonea huruma mtoto. Huenda mikono ilikuwa imeishiwa nguvu. Wanawake wanne walimnyanyua, wawili kila upande, wakamzungusha uani mara tatu kwa nyimbo na kwenda kumkalisha sebuleni, kwenye kochi, chini ya bati.

Kesho yake alivua utani. Alimfuata Jamali akiwa anapiga mswaki na kumweleza yote, taratibu, kama mtu anayesoma barua: zahanati, moyo, namba, maneno ya Atuganile.

Jamali alitema maji. "Mama, si umeshapokea khanga?"

"Nilipewa."

"Umepokea mbele ya wakwe. Watu wote wameona, ipo mpaka kwenye simu. Sasa leo niende nikamwambie yule mtoto toka, bibi kabadilisha mawazo? Ataenda kusema nini kwao?"

"Mwambie ninaumwa."

"Ungesema kabla, mama. Wewe kila kitu mzaha. Mtu ajue lini unasema kweli?"

Alimletea feni kutoka chumba cha watoto. Sasa zilikuwa mbili.

Aliyebaki alikuwa Jabiri. Bi Somoe alimsubiri siku tano, mpaka alipomkuta peke yake kwenye karo anaosha viatu. Hakumwita mume.

"Jabiri. Siku ile mlangoni. Na wewe ulidhani nacheza?"

Jabiri aliendelea kusugua kiatu. Ni kijana mkweli, na kila anayemfahamu atakwambia hivyo.

"Hapana, bibi. Mie nilijua hutanii."

"Ulijua."

"Nakujua wewe tangu utoto. Nilijua."

"Sasa?"

Jabiri alisuuza kiatu, akakiegemeza juani kikauke. "Sasa kule mbele kuna joto, bibi."

Bi Somoe alimtuma mtu kwa Leonardi. Leonardi alikuja, akakipima chumba cha mbele, akasema kwa povu lilelile na mwendo uleule ni miezi saba minane. Ilikuwa Januari ya kati. Alianza kukusanya Jumanne iliyofuata. Alileta mafurushi manne. La tano lilibaki Rangi Tatu, kwenye baraza la duka la dawa, ambapo alikaa kupumzika, akashindwa kusimama, akarudishwa nyumbani kwa bajaji. Baada ya hapo hakwenda tena kazini.

Chumba cha mbele kilisoma thelathini na saba. Aliichukua ile saa ya Leonardi alipohamishwa, kwa kuwa ilikuwa zawadi yake. Ilikuwa kitu pekee alichoondoka nacho bila kubishiwa. Alilala akiitazama. Mchana mama Jabiri alimfunika kitambaa kilicholoweshwa maji, na hilo halikuwa jambo dogo, maana kitambaa kilikauka kila robo saa na mama Jabiri alikuwa na shughuli. Yasmini alimletea uji asubuhi na kumpigia magoti. Kwake Yasmini chumba kilikuwa kizuri mno. Aliwaambia ndugu zake kwa simu kwamba Chamazi kuna baridi, analala na blanketi.

Tarehe tisa Februari, Jumapili, kulikuwa na mechi. Walikuwa watu saba kwenye chumba cha uani, pamoja na Adelina, mlango ukiwa umefungwa ili ubaridi usitoke. Povu huzuia pia sauti. Kati ya saa tisa na saa kumi na moja hakuna aliyetoka. Mechi ilipoisha, mtoto wa miaka mitano, ambaye sasa alikuwa na sita, alitumwa kuchukua maji sebuleni, akarudi akasema bibi ameanguka na hataki kuinuka.

Ndugu wa Lindi waliomba mazishi yawasubiri, nao wangefika kesho yake adhuhuri. Palizuka swali la mahali pa kumweka. Jamali alitazama bati la sebule, akatazama uani. Kitanda cha maharusi kilitolewa nje, kikaegemezwa ukutani, na Bi Somoe akaingizwa kwenye chumba chake, akalazwa kwenye mkeka chini ya dari ya Leonardi, akakaa humo tangu Magharibi mpaka adhuhuri ya siku ya pili. Wanawake waliomwosha walisema hakuwa ameharibika hata kidogo. Adelina, aliyeshika ndoo, alisema chumba hiki ni dawa, mochwari kasoro jina. Jamali alimsikia kupitia dirishani na kumweleza shemeji yake, kwa utulivu, jinsi matabaka mawili yanavyopangwa ili maungio yasikutane.

Leonardi alikuja kuzika. Alisimama nyuma ya watu.

Jabiri aliingia kaburini kumpokea. Alipotoka, mikono ina udongo mpaka kwenye viwiko, binamu zake wa Lindi walimngoja, kwa kuwa msibani ndiko utani hukazwa zaidi.

"Pole, mjane. Umefiwa na mke mkubwa."

"Utakaa eda, au huyu mdogo hakuruhusu?"

"Angalieni, hana hata chozi! Huyu alikuwa anamngoja bibi afe abaki na mmoja!"

Mtani hakasirikiwi. Jabiri alijua hivyo tangu utoto. Alicheka pamoja nao, akapangusa mikono kwenye suruali, akawaonyesha njia ya kurudi nyumbani kwenye pilau.

Wageni wa Lindi walikuwa bado wanakula uani jua likiwa limeshaukolea ukuta wa magharibi. Yasmini alimsogelea mumewe, akaongea kwa sauti ya chini, kwa adabu zake zote. Jabiri aliita vijana wawili, wakakipindua kitanda ubavu ili kipite mlangoni, wakakirudisha ndani.